Mkaa katika udongo wa msitu

Mkaa wa msituni ni mabaki meusi ya magogo, matawi na mizizi iliyoungua bila kupata hewa ya kutosha. Mchoma mkaa huutengeneza kwa makusudi: hupanga magogo, huyafukia kwa majani na udongo, kisha hulinda tanuri lisitoboke. Moto wa msituni hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya gogo nene, au chini ya ardhi kwenye mzizi unaofukuta. Sehemu kubwa ya mti hutoka kama moshi. Inayobaki zaidi ni kaboni iliyojipanga katika pete za atomi sita sita, ambazo bakteria na kuvu huzivunja kwa taabu. Kadiri moto ulivyokuwa mkali, ndivyo pete hizo zinavyozidi kushikamana.

Kwa sababu hiyo husemwa kwamba mkaa hauozi, na kauli hiyo imezoeleka mno. Kwa kweli mkaa hubadilika, ila polepole sana, kuanzia nje kuelekea ndani.

Kipande kipya ni chepesi na maji hayakiingii upesi. Vitundu vyake ni mirija ile ile iliyopandisha maji mti ulipokuwa hai, na hunasa kemikali zinazopita. Mwaka 1996 Olle Zackrisson, Marie-Charlotte Nilsson na David Wardle walieleza umuhimu wa jambo hili katika misitu ya kaskazini mwa Sweden. Huko kichaka kifupi cha Empetrum hermaphroditum hutoa fenoli zinazodumaza miche ya miti. Mkaa huzifyonza, miche ikapata nafuu. Uwezo huo hufifia baada ya miaka 100 hivi. Ajabu ni kwamba mkaa uliochoka ukipata joto kali tena, hurudia kufyonza. Kumbe moto mpya unaweza kuuamsha mkaa wa moto uliopita.

Wakati huohuo oksijeni huushambulia uso wa kipande na kuupa chaji hasi. Hapo mkaa uliokuwa ukikataa maji huanza kuyapokea, na hushika kalsiamu, magnesiamu na potasiamu ambazo mvua ingezisomba. Udongo mweusi wa Amazon uitwao terra preta, ambamo watu wa kale waliacha mkaa pamoja na mifupa, vigae na mabaki ya chakula, una rutuba hadi leo kwa sehemu kutokana na badiliko hili.

Hata hivyo mkaa si ghala tu la kaboni. Mwaka 2008 watafiti wale watatu walitoa matokeo ya mifuko ya wavu waliyoiacha msituni miaka 10. Mifuko yenye mboji iliyochanganywa na mkaa ilipoteza uzito zaidi kuliko ilivyotarajiwa kwa kupima kila kimoja peke yake. Inaelekea mkaa uliwachangamsha viumbe wadogo wanaoozesha mboji.

Barafu, mizizi, mchwa na nyungunyungu huvunja vipande kuwa chenga, na chenga kuwa vumbi. Vumbi hilo hugandamana na udongo wa mfinyanzi, au huyeyuka kidogo kidogo na kufuata maji. Utafiti wa mwaka 2013 ulioongozwa na Rudolf Jaffé ulikadiria kwamba karibu asilimia 10 ya kaboni ogania iliyoyeyuka katika mito ya dunia ilitokana na vitu vilivyoungua.

Vinavyosalia ni kumbukumbu ya msitu. Chukua kipande cha ukubwa wa ukucha, kivunje, ukitazame kwa lenzi: mirija bado imejipanga, na mtaalamu huweza kutambua jamii ya mti. Kaboni-14 hutoa umri wake. Kina cha shimo peke yake hakitoshi, maana wanyama wachimbao hushusha na kupandisha vipande. Tena umri unaopimwa ni wa ubao kuota. Moto ulikuja baadaye. Kiini cha mti wa miaka 400 kitaonyesha tarehe ya kale kuliko moto uliouchoma, ndiyo maana mtafiti mwangalifu hutafuta kijiti chembamba au ganda la mbegu.