Kutoka kilowati hadi ampea: Hesabu inayookoa mota za vinu, pampu na viwanda

Kibati cha mota ya kinu cha kusaga mahindi hutangaza nguvu kwa kilowati, lakini waya unaoilisha mota hiyo hauzijui kilowati. Waya hupata moto kwa sababu ya mkondo unaopita ndani yake, na mkondo hupimwa kwa ampea. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto linalozalishwa katika waya ule ule huongezeka mara nne. Kwa hiyo anayenunua kebo, breka au stata kwa kutazama kilowati pekee huwa anabahatisha.

Suala hili lina uzito katika maeneo kama Mata, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Taveta, Kaunti ya Taita Taveta. Taveta ni nchi ya ndizi, kilimo cha kunyunyizia maji na mkonge. Mashine za huko huwa mbali na miji mikubwa, na mota ikiungua, mkulima hungoja fundi wa kuisuka upya huku migomba ikikauka.

Nchini Kenya, umeme wa nyumbani hutolewa kwa volti 240 na ule wa fezi tatu kwa volti 415. Kwa umeme wa fezi moja hesabu ni nyepesi: wati hugawanywa kwa volti. Birika la wati 2,000 huvuta takriban ampea 8.3, na hakuna zaidi la kueleza.

Mambo hubadilika penye fezi tatu. Mikondo ya fezi hizo haifiki kileleni kwa wakati mmoja, hupishana. Kutokana na mpishano huo, volti kati ya waya mbili za fezi ni kubwa kuliko volti kati ya fezi moja na waya wa nyutro kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.732. Ndiyo maana 240 ikizidishwa kwa 1.732 hutoa takriban 415. Namba hiyo hiyo huingia katika hesabu ya mkondo: wati zinazoingia hugawanywa kwa 1.732, kwa volti 415, na kwa pawafakta.

Pawafakta ndiyo inayowachanganya wengi. Mota huhitaji mkondo wa kujenga sumaku ndani yake pamoja na mkondo wa kufanya kazi. Mkondo wa sumaku hauzungushi jiwe la kinu, ila hupita katika waya na kuupasha moto kama mwingine wowote. Pawafakta huonyesha ni sehemu gani ya umeme unaovutwa inayofanya kazi ya kweli. Mota yenye mzigo kamili mara nyingi huwa karibu na 0.85, ikizunguka bila mzigo, hushuka mno.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye ekseli, si umeme unaoingia. Sehemu fulani hupotea kama joto na msuguano. Lazima basi kilowati za kibati zigawanywe kwanza kwa ufanisi wa mota.

Chukua mota ya kilowati 11, ambayo ni karibu nguvu za farasi 15, ukubwa unaofaa kinu cha kijiji au pampu ya shamba. Ufanisi wake ukiwa asilimia 88, umeme unaoingia ni kilowati 12.5. Gawanya wati 12,500 kwa 1.732, kwa 415 na kwa 0.85. Jibu ni ampea 20.5 katika kila fezi.

Aliyesahau ufanisi na pawafakta atapata ampea 15.3, na kebo atakayoinunua itakuwa nyembamba. Aliyesahau 1.732, ufanisi na pawafakta na kugawanya 11,000 kwa 415 atapata 26.5. Kosa la pili linaonekana la heri kwa kuwa linaelekeza kwenye kebo nene, lakini kinga ya mota ikitegwa kwenye ampea 26.5, mota itabeba mzigo kupita kiasi kwa muda mrefu bila kukatwa. Iwapo kibati kimeandika ampea, namba hiyo ndiyo ya kufuatwa. Hesabu hubaki ya kuhakiki, au ya kutumia pale kibati kimefutika kwa unga na mafuta.

Ampea zikishajulikana, swali linalofuata ni umbali. Pampu iliyo ukingoni mwa mto haikai karibu na mita, na kila mita ya waya hula volti kidogo. Majedwali ya kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wa Kenya wamezizoea, yanaonyesha kwamba kebo ya shaba ya milimita mraba 6 hupoteza milivolti 6.4 kwa kila ampea katika kila mita. Mota yetu ya ampea 20.5 ikiwa umbali wa mita 200, volti 26 hupotea njiani, zaidi ya asilimia 6. Kebo ya milimita mraba 10 hupunguza hasara hiyo hadi volti 15.6, ambayo ni chini ya kikomo cha asilimia 5 kinachotajwa na kanuni hizo.

Wengi hudhani volti zikipungua, ampea nazo hupungua. Ndivyo ilivyo kwa balbu ya zamani ya waya na kwa birika. Mota yenye mzigo hufanya kinyume: jiwe bado linadai kazi ile ile, hivyo mota hufidia upungufu wa volti kwa kuvuta mkondo zaidi. Ndiyo maana mota ya kijijini inaweza kuungua jioni, wakati laini imelemewa na taa na runinga za majirani, ilhali mwenye kinu hajabadilisha chochote.

Kuwasha nako kuna hesabu yake. Mota inapoanza kuzunguka ikiunganishwa moja kwa moja, huvuta mara sita hadi nane ya mkondo wake wa kawaida. Kwa mota ya mfano wetu, hiyo ni ampea 123 au zaidi kwa sekunde chache. Transfoma ya kilovolti-ampea 100 imeundwa kutoa ampea 139 kwa kila fezi. Si ajabu basi taa za kijiji kizima zikififia kinu kinapowashwa.

Stata ya nyota-delta hupunguza mkondo wa kuwasha hadi theluthi moja, takriban ampea 41. Hata hivyo, haifai kila mota. Mota iliyoandikwa volti 400/690 inafaa, kwa kuwa hufanya kazi kwenye delta. Iliyoandikwa 230/400 lazima ibaki kwenye nyota. Ikiingizwa kwenye delta kwa volti 415, koili zake hupokea volti nyingi kupita kiasi na huungua upesi. Wanaonunua mota ng'ambo ya mpaka wa Holili wasitishwe na maandishi ya volti 400, kipimo kinachotumika Tanzania, kwani tofauti na 415 ni ndogo. Cha kukaguliwa ni namba ya pili iliyo kando ya hiyo 400.

Ndani ya stata hiyo kuna mtego mwingine. Relei ya kuzuia mzigo kupita kiasi ikiwa imefungwa kwenye waya za koili, haitegwi kwenye ampea 20.5 bali kwenye asilimia 58 yake, yaani 11.9.

Relei hiyo haiwezi kubadilishwa na breka pekee. Fezi moja ikikatika nguzoni, mota iliyokuwa ikizunguka huendelea kwa fezi mbili zilizobaki, na mkondo wake hupanda hadi takriban mara 1.73, karibu ampea 35. Breka ya ampea 32 inaweza kuuvumilia mkondo huo kwa muda mrefu sana, kwani breka ndogo za kawaida hazilazimiki kukata ndani ya saa nzima mkondo ukiwa hadi mara 1.13 ya kiwango chake. Mota haina saa nzima ya kungoja. Ni dakika tu, kisha harufu ya vanishi iliyoungua hujaza chumba.

Viwandani hesabu hugeuka kuwa suala la bili. Wateja wakubwa wa Kenya Power hutozwa, pamoja na uniti, kwa kiwango cha juu cha kilovolti-ampea walichovuta, na pawafakta ikishuka chini ya 0.9 huongezewa ada. Kiwanda cha mkonge chenye mzigo wa kilowati 200 na pawafakta ya 0.75 huvuta kilovolti-ampea 267, ambazo ni ampea 371 kwa volti 415. Transfoma ya kilovolti-ampea 250, yenye uwezo wa ampea 348, tayari imezidiwa, ingawa 200 ni ndogo kuliko 250 machoni pa mhasibu.

Kapasita zikifungwa na kupandisha pawafakta hadi 0.95, mzigo ule ule huvuta ampea 293. Hakuna mashine iliyozimwa, na transfoma iliyokuwa ikichemka hubakiwa na nafasi ya ampea 55. Kapasita hizo hufungwa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwani hubaki na chaji hata baada ya swichi kuu kuzimwa.