Ulanguzi wa Foleni

Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hili kabla ya intaneti: ulanguzi. Mlanguzi hununua bidhaa nyingi asizozihitaji, ili wanaozihitaji wazikose madukani, kisha wamfuate yeye na kulipa bei anayoitaka. Tanzania neno hilo lilivuma mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mimi hulikumbuka kila ninaposoma habari za tiketi za matamasha ya muziki.

Ulanguzi wa tiketi nao ni wa zamani. Desemba 1867, Charles Dickens alikuwa Marekani akisoma hadithi zake jukwaani. Watu walikesha nje kwenye baridi wakingoja tiketi za dola 2. Walanguzi walikodi watu wawasimamie foleni, kisha wakaziuza tiketi zilezile kwa bei ya juu mno. Lakini walanguzi wale walikuwa na kikomo. Walihitaji watu wa kusimama, na mtu aliyesimama usiku kucha huchoka, husikia njaa, hudai ujira. Shabiki mwenye subira bado aliweza kushindana nao.

Intaneti ilikiondoa kikomo hicho. Kampuni ya Wiseguy Tickets ya Marekani ilitengeneza programu zilizojifanya maelfu ya wateja na kuyajibu kwa kasi yale mafumbo ya herufi zilizopindapinda, yaliyowekwa kuthibitisha kwamba mnunuzi ni binadamu. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, ilinunua tiketi zaidi ya milioni 1 na kupata faida ya zaidi ya dola milioni 20. Mwaka 2010 wakuu wake walikiri makosa. Waliohukumiwa walipewa kifungo cha nje. Desemba 2016 Rais Barack Obama alitia saini sheria inayokataza programu hizo. Kesi za kwanza chini ya sheria hiyo zilikuja Januari 2021, zaidi ya miaka minne baadaye.

Hasara ya shabiki huhesabiwa kwa fedha, nami naona hesabu hiyo haitoshi. Kijana asiye na fedha alikuwa na kitu kimoja cha kutoa: muda wake. Aliamka mapema na kungoja, na kungoja kwake kulikuwa na thamani mbele ya tajiri anayelala. Programu inayomaliza foleni kwa sekunde chache humnyang'anya hata hicho.

Tamasha la Glastonbury nchini Uingereza lilichagua njia nyingine. Lilianza mwaka 1970 kwenye shamba la mfugaji Michael Eavis, kiingilio kikiwa pauni 1 pamoja na maziwa ya bure. Tangu 2007, anayetaka tiketi hujiandikisha kwanza na kutoa picha yake. Picha hiyo huchapwa kwenye tiketi na kukaguliwa langoni. Asiyeweza kwenda huirudisha kwa waandaaji, nao huiuza upya kwa bei ileile. Mlanguzi akiinunua, amenunua sura ya mtu mwingine.

Utaratibu huo una gharama zake. Huwezi kumpa rafiki tiketi yako ukiugua. Wala haukuondoa uhaba: tiketi za 2025 zilikwisha kwa takriban dakika 35, na wengi walibaki wakitazama skrini zao. Lakini wengi hao walishindwa na mashabiki wenzao, watu wenye majina na sura, watakaosimama kweli kwenye tope la Somerset. Kushindwa hivyo kunaumiza, ila mtu anaweza kukukubali na kujaribu tena mwaka ujao. Sijui shabiki ambaye angesema hivyo kuhusu kushindwa na programu isiyosikiliza muziki.