Toka Kavumu Hadi Goma: Njia Fupi, Safari Ndefu

Mara nyingi tunasikia watu wakiulizana: «Toka Bukavu hadi Goma ni mbali gani?» Jibu si moja. Tulitazame jambo hili polepole, maana ndani yake mna historia ya nchi yetu.

Tukipiga mstari ulionyoka kwenye ramani, toka kiwanja cha ndege cha Kavumu hadi kile cha Goma, tunapata kilometri 85 hivi. Ndege ndogo ya watu 19, yenye kwenda kilometri 350 kwa saa, ingemaliza njia hiyo kwa robo saa. Lakini ndege si mshale. Yapaswa kwanza kupanda, kisha kupunguza mwendo na kugeuka ili iteremke. Basi tuhesabu dakika 20 au 25. Tena Kavumu si Bukavu: ni kilometri 30 kaskazini ya mji. Ongeza motokari, kupima mizigo na kungoja. Safari ya dakika 20 inakula nusu siku.

Wazee wetu hawakuhesabu dakika. Walihesabu siku na mahali pa kulala. Mjerumani von Götzen, aliyelifikia Ziwa Kivu mwaka 1894, alikuja kwa miguu toka pwani ya mashariki, wapagazi wakichukua mizigo yake. Baadaye ikaja barabara ya magharibi ya ziwa, kupitia Kalehe, Minova na Sake: karibu kilometri 200, kwa sababu hufuata ghuba na vilima. Meli nazo zikapita kando ya kisiwa cha Idjwi. Mashua ya mwendo mkali iliweza kufika kwa saa tatu hivi, nayo ilimtoa mtu mjini ikamweka mjini.

Kwa nini basi watu walitaka ndege? Kwa sababu barabara huharibika kwa mvua na kwa vita. Lakini hata kiwanja kina adui zake. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukafunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia ndege kule Goma. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege iliyokuwa ikienda Kisangani ilishindwa kuinuka, ikaangukia mtaa wa Birere. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Siku chache baadaye maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa mashua hadi Bukavu.

Mwaka 2024 vita vilikata barabara karibu na Sake. Asiye na fedha ya ndege alibaki na ziwa tu. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule mashua iliyojaa kupita kiasi, iliyotoka Minova, ilizama mbele ya bandari ya Kituku. Watu wengi wakafa karibu kabisa na nchi kavu. Januari 2025 vita viliingia Goma na kiwanja kikafungwa. Februari wapiganaji wakashika na Kavumu.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tukiulizwa urefu wa njia hii, tusijibu kwa kilometri peke yake. Kilometri 85 hazikubadilika tangu zamani. Kinachobadilika ni amani na mfuko wa msafiri. Penye amani, mama wa Goma humtembelea mtoto wake Bukavu na kurudi. Pasipo amani, dakika 20 za angani zaweza kugeuka miezi ya kungoja.