Magari ya kifahari ya haibridi: nguvu, uzito na petroli

Gari la haibridi huendeshwa kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Faida yake huonekana zaidi mjini, kwa kuwa kila dereva anapofunga breki sehemu ya nishati hurudishwa kwenye betri. Katika mwendo wa kasi kwenye barabara kuu, faida hiyo hupungua.

Baadhi ya watengenezaji wa magari ya kifahari hutumia umeme kuongeza nguvu pia. Mfano ni BMW M5 iliyozinduliwa mwaka 2024. Injini yake ya V8 na mota hutoa nguvu za farasi 727, ilhali toleo lililotangulia lilianza na 600. Hata hivyo, betri na mota vimechangia uzito kupita kilo 2,400, na gari hilo hufikia kasi ya kilomita 100 kwa saa katika sekunde 3.5, likizidiwa kidogo na mtangulizi wake.

Kwa vipimo rasmi, betri iliyojaa hulipeleka kilomita zipatazo 67 bila petroli. Kwa hiyo anayenufaika ni mwenye kuchaji mara kwa mara. Asiyechaji hununua petroli ya kubebea betri tupu.