Utalii wa kitamaduni katika Bukoba na Muleba

Utalii wa kitamaduni katika Bukoba na Muleba ni safari zinazofanyika kwa kuongozwa na wenyeji, hasa kwa miguu, ili kutembelea vijiji, mahali patakatifu pa jadi, makao ya wafalme wa zamani, misheni na mabaki ya kale ya nchi ya Wahaya (Buhaya). Eneo hilo liko katika Mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria.

Safari za namna hiyo zinajulikana pia penginepo duniani. Katika milima ya Himalaya, wanaopita njia ya Khumbu nchini Nepal hufuatana na viongozi wenyeji kupitia vijiji vya Washerpa hadi monasteri ya Kibuddha ya Tengboche, iliyoko zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Buhaya haina theluji wala vilele virefu, lakini huko pia njia za miguu huunganisha mahali pa ibada, na bila mwenyeji wa kueleza, mgeni anaweza kupita mahali muhimu akidhani ni shamba la kawaida.

Mazingira

Kutoka ziwani nchi huinuka kwa safu za vilima zinazoelekea kaskazini na kusini, zikitenganishwa na mabonde yenye mito na vinamasi. Vijiji vingi viko juu ya vilima. Nyumba zimezungukwa na shamba la migomba na mibuni linaloitwa kibanja, ambalo hurutubishwa kwa samadi na majani. Nje ya vibanja kuna nyika ya majani iitwayo rweya, iliyotumika kwa malisho na kwa kukata nyasi za kuezekea. Mjini Bukoba mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingi za Tanzania.

Historia kwa ufupi

Kabla ya ukoloni Buhaya iligawanyika katika falme kadhaa, zikiwemo Kiziba, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro. Kila moja ilikuwa na mfalme wake aliyeitwa Omukama. Ihangiro ilikuwa katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba. Dini ya jadi iliheshimu mizimu mikuu ya Wachwezi: Wamara, aliyesimuliwa kama mfalme wao; Mugasha, mwenye mamlaka juu ya ziwa na dhoruba; na Irungu, wa nyika na mawindo.

Mji wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1890 na Emin Pasha kama kituo cha Wajerumani. Mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika (Mapadri Weupe) walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji. Mamlaka ya watawala wa jadi yalifutwa kisheria mwaka 1963, baada ya uhuru wa Tanganyika. Tangu hapo makao mengi ya kifalme yalipoteza watumishi na mapato yaliyoyatunza.

Katuruka na chuma cha kale

Mahali penye historia ndefu kuliko pote katika njia hizo ni Katuruka, kijiji kilicho karibu na Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba. Hapo palikuwa na makao ya Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamtwara anayekumbukwa sana katika masimulizi. Inasimuliwa kwamba aliwaagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika mbinguni, lakini mnara huo ukaanguka. Masimulizi hayo yaliuhusisha mnara na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina linalohusiana na kazi ya uhunzi.

Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasikiliza wazee, kisha akachimba mahali walipomwonyesha. Chini ya eneo la mti huo yalipatikana mabaki ya uhunzi pamoja na vyungu vya mtindo wa Urewe. Tanuri nyingi zilizochimbwa Buhaya ni za karne za kwanza BK, na baadhi ya vipimo vya radiokaboni vilitoa tarehe za karne kadhaa KK. Hivyo masimulizi ya mfalme wa karne chache zilizopita yalikuwa yamehifadhi kumbukumbu ya kazi iliyofanyika hapo zamani zaidi.

Mwaka 1976 wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walijenga upya tanuri ili kuonyesha ufundi wao. Walichimba shimo, wakachoma ndani yake matete ya kinamasi hadi yakawa makaa, wakainua ukuta kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya taka za chuma cha zamani, kisha wakavuvia hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye moto, na kwamba ufundi huo uliweza kutoa chuma cha pua. Wataalamu wengine wamepinga maelezo ya hewa kupashwa joto, lakini ustadi wa mafundi hao haukanushwi.

Makao na misheni za Bukoba

Kanazi, katika Wilaya ya Bukoba, yalikuwa makao ya Kahigi, mfalme wa Kianja aliyepanua mamlaka yake kwa kushirikiana na Wajerumani. Kashozi hutembelewa kama chimbuko la Kanisa Katoliki katika eneo hilo. Mjini Bukoba liko kanisa kuu la Kikatoliki ambamo amezikwa Laurean Rugambwa (1912-1997), Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati za kisasa, aliyeteuliwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960. Kwanza alizikwa Kashozi, kisha mwaka 2012 masalia yake yakahamishiwa katika kanisa kuu baada ya ukarabati wa muda mrefu.

Bukoba ni pia makao ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Askofu wake Josiah Kibira alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani (1977-1984).

Muleba na visiwa

Katika Muleba njia hupanda hadi uwanda wa juu wa Kamachumu, wenye hewa baridi na mashamba ya kahawa. Rugambwa alizaliwa Bukongo, karibu na Rutabo, katika wilaya hiyo. Rubya ina misheni, hospitali na seminari iliyosomesha vijana wengi wa Buhaya.

Visiwa vingi vya Muleba vinakaliwa na wavuvi. Kinachojulikana zaidi katika historia ni Bumbiire. Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley aligombana na wakazi wake alipotafuta chakula, akarudi miezi michache baadaye na kuwafyatulia risasi kutoka kwenye mitumbwi. Mauaji hayo yalilaumiwa hata Uingereza.

Mbele ya mji wa Bukoba kuna kisiwa kidogo cha Musira, ambacho kwa masimulizi ya wenyeji kilitumiwa na wafalme kama mahali pa kuwatenga wahalifu.

Maisha ya vijijini

Mgeni huonyeshwa kwa kawaida nyumba ya msonge, ambayo paa lake la nyasi hufika hadi chini, na nguo ya lubugo inayotengenezwa kwa kupondaponda gome la aina ya mtini. Chakula kikuu ni ndizi za kupika. Ndizi nyingine hukamuliwa na kuchachushwa pamoja na mtama kuwa pombe ya lubisi. Kahawa ilikuwa na heshima kabla ya kuwa zao la biashara: punje zilichemshwa na kukaushwa, zikatafunwa na kupewa wageni, na zilitumika katika kuchanjia udugu. Senene hukamatwa hasa wakati wa mvua za Novemba na Desemba.

Hifadhi na changamoto

Mahali pengi patakatifu pamepotea. Baadhi ya misitu ya mizimu ilifyekwa, na dini mpya ziliwafanya wengi kuacha matambiko. Mti wa Kaiija wenyewe ulikatwa. Zaidi ya hayo, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa huo uliua watu wengi ambao wangepokea masimulizi kutoka kwa wazee na kuyarithisha kwa watoto.

Tangu mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka walianza wenyewe kukusanya kumbukumbu zilizobaki na kujenga upya nyumba za jadi za mahali hapo, wakimwalika Schmidt awasaidie. Katika mahojiano hayo ilionekana kwamba wanawake wazee walijua mambo mengi ya ibada za Kaiija ambayo watafiti wa awali, waliowasikiliza zaidi wanaume, hawakuyaandika.

Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15 na kuharibu maelfu ya nyumba katika mkoa. Suala lingine ni mapato: pale wageni wanapopitishwa haraka, kijiji kinachotunza mahali hupata kidogo, na mwenye shamba lililo juu ya tanuri la kale hana sababu ya kuacha kulilima.

Usafiri na majira

Bukoba hufikiwa kwa ndege, kwa barabara na kwa meli kutoka Mwanza. Safari ya majini hukumbusha pia ajali ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Kutoka Bukoba hadi mji wa Muleba ni mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu zaidi, hivyo inafaa kwa kutembea. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, ambapo njia za vilimani huteleza na mabonde hujaa maji. Kwenye makaburi ya wafalme na mahali pa matambiko, ni desturi kuomba ruhusa ya mlinzi wa mahali kabla ya kuingia au kupiga picha.