Nani alaumiwe, binti au mbwamwitu?

SIKU hizi ukimsikia mtu akisema ameiandika upya ngano ya kale kwa sura ya kutisha, aghalabu utakuta amefanya jambo moja tu: ameongeza damu. Binti aliyeokolewa sasa haokolewi. Mama wa kambo aliyekuwa na roho mbaya sasa ana kisu pia. Mwandishi anaamini kwamba ameitia giza hadithi ambayo tangu hapo ilikuwa nyeupe pe. Historia ya ngano zenyewe inampinga. Giza lilikuwamo tangu awali. Weupe ndio uliopakwa baadaye.

Tuchukue ngano ya Binti wa Kofia Nyekundu, ambayo wengi wetu tuliisoma tukiwa watoto. Mama anamtuma bintiye ampelekee nyanya yake chakula. Njiani binti anakutana na mbwamwitu na kumwambia aendako. Mnyama anamtangulia, anammeza ajuza, kisha anajilaza kitandani akimsubiri mjukuu. Mwisho tunaujua: mwindaji anapita, anapasua tumbo la mnyama, nyanya na mjukuu wanatoka wakiwa hai.

Kumbe mwindaji huyo hayumo kabisa katika kitabu kilichoipa ngano hii umaarufu. Charles Perrault, msomi Mfaransa, aliichapisha jijini Paris mwaka wa 1697 katika mkusanyiko wa ngano 8. Kwake yeye, binti anavua nguo, anapanda kitandani, anashangazwa na ukubwa wa mikono, masikio na meno ya 'nyanya' yake, kisha analiwa. Basi. Hakuna mkombozi. Kinachofuata ni beti za maadili zinazowaonya wasichana wajihadhari na mbwamwitu wapole, yaani wanaume wenye maneno matamu wanaowaandama hadi majumbani. Fumbo lenyewe si zito. Katika Kifaransa, kusema msichana 'amemwona mbwamwitu' ni kusema amepoteza ubikira.

Hebu tazama lawama inamwangukia nani. Mbwamwitu amefanya kazi ya mbwamwitu. Aliyekosea, eti, ni mtoto aliyesimama kuongea naye.

Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliichapisha ngano hii mwaka wa 1812. Waliipata kutoka kwa akina dada wa familia ya Hassenpflug mjini Kassel, familia ambayo kwa upande wa mama ilikuwa na asili ya Kifaransa. Hapa ndipo tunapompata mwindaji na mkasi wake. Lakini tunapata na jambo jingine: mama anamwonya bintiye asiiache njia, na binti akishaokolewa anaapa kwamba hataiacha tena maisha yake yote. Mtoto amefufuliwa, lawama imebaki palepale. Amemezwa kwa sababu hakutii.

Wengi husema akina Grimm walizisafisha ngano. Ni kweli, ila tuulize walisafisha nini. Kati ya mwaka wa 1812 na 1857 walitoa matoleo 7 ya mkusanyiko wao. Katika toleo la kwanza, Rapunzel anauliza kwa nini nguo zake zinambana, na msomaji anang'amua kwamba ana mimba. Baadaye swali hilo likaondolewa. Katika toleo hilohilo, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Baadaye akageuzwa kuwa mama wa kambo. Ilhali malkia huyo bado anavishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto vikawa vyekundu, naye anacheza ngoma hadi anakufa. Adhabu hiyo haikufutwa. Wahariri hao hawakuogopa damu. Waliogopa mimba, na waliogopa kukiri kwamba mama mzazi anaweza kumdhuru mwanawe.

Ipo sura nyingine ya ngano hii. Ilisimuliwa kwa mdomo katika eneo la Nièvre, Ufaransa, ikanakiliwa mwishoni mwa karne ya 19, na mtafiti Paul Delarue akaitangaza katika miaka ya 1950. Kwa kuwa ilinakiliwa karibu karne mbili baada ya Perrault, tarehe pekee haithibitishi ukongwe wake, ingawa Delarue aliamini kwamba imehifadhi mapokeo ambayo Perrault aliyapunguza. Humu hamna kofia nyekundu. Mnyama ni mtu anayejigeuza mbwamwitu. Anamuua nyanya, anaweka nyama kabatini na damu kwenye chupa, kisha anamkaribisha mjukuu ale na anywe. Mtoto anakula asijue. Giza gani linashinda hilo?

Hata hivyo, mtoto huyu haliwi. Akiwa kitandani anatambua hatari, anasema anataka kwenda nje kujisaidia. Mnyama anamfunga kamba mguuni. Binti anafika uani, anaifungua, anaifunga kwenye mti, anatoroka hadi kwao. Hakuna mwindaji, hakuna kiapo cha utiifu, hakuna mahubiri. Kuna akili ya mtoto tu.

Angela Carter, mwandishi Mwingereza, alizitafsiri ngano za Perrault mwaka wa 1977, na miaka miwili baadaye akatoa The Bloody Chamber, mkusanyiko wa hadithi 10. Tatu za mwisho ni za mbwamwitu. Katika mojawapo, binti anamkata mbwamwitu mguu wa mbele kwa kisu cha babake, kisha anagundua kwamba ni mkono wa nyanya yake. Majirani wanampiga ajuza mawe hadi anakufa, na mjukuu anahamia katika nyumba yake na kuneemeka. Katika nyingine, binti anapotishiwa kuliwa anacheka, kwa kuwa anajua yeye si kitoweo cha mtu. Carter alikataa kazi yake iitwe ngano za watu wazima. Alisema alikuwa akikitoa nje kilichokuwa kimefichwa ndani ya ngano hizo.

Hapo ndipo penye somo kwa anayetaka kuandika upya ngano yoyote, iwe ya mbwamwitu au ya zimwi. Damu ni rahisi kuongeza. Kazi ni kuuliza lawama imekaa wapi na nani ananufaika ikikaa hapo. Katika hadithi ya Carter ya mkono uliokatwa, binti ananufaika na kifo cha nyanya yake, nasi tunabaki tukijiuliza kama ajuza alikuwa mbwamwitu kweli. Swali hilo linatisha kuliko meno.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayemfichia mtoto giza la ngano kwa kumwonea huruma huenda akamfichia pia mlango wa kutokea. Lakini anayemmwagia damu tupu, kisha akamwachia mtoto lawama yote, hajaandika lolote jipya. Perrault alishafanya hivyo mwaka wa 1697.