Kitambulisho si Pingu

Askari aliyepata kusimama kwenye kizuizi cha barabarani usiku anajua kwamba maswali yake ya kwanza kwa msafiri ni mawili: wewe ni nani, na unakaa wapi? Kwa mtu mwenye nyumba, jibu la swali la pili ni jina la kijiji au mtaa. Lakini wako watu duniani ambao nyumba yao ndilo hilo gari lililosimamishwa. Wamezaliwa ndani yake, wanapika na kulala ndani yake, na kesho watakuwa katika mji mwingine. Je, Dola imtambueje raia wa namna hiyo? Ufaransa ilijibu swali hilo kwa sheria maalumu kwa muda wa miaka 105, tangu mwaka 1912 hadi mwaka 2017. Historia ya jibu hilo ina funzo kwa kila aliyekabidhiwa dhamana ya kulinda usalama wa raia.

Katika karne ya kumi na tisa barabara za Ufaransa zilikuwa na misafara ya magari ya mbao yaliyokokotwa na farasi. Waliomo walikuwa wasusi wa vikapu, wanoa visu, wafanya biashara ya farasi, wapiga muziki, wacheza sarakasi na vibarua wa mavuno. Wengine ni wa makabila yaitwayo Manouches na Gitans, wengine ni Wayenishi, na wengine ni Wafaransa wa kawaida waliorithi kazi ya kutembea. Wengi wao walikuwa wamezaliwa katika ardhi ya Ufaransa, kama babu zao. Hata hivyo, kila kuku alipopotea kijijini, macho ya watu yalielekea kwenye msafara uliopita. Magazeti yakakoleza hofu hiyo, na wanasiasa wakaidaka. Mwaka 1895 Serikali iliwahesabu watu hao nchini kote kwa siku moja. Mwaka 1907, chini ya Waziri Mkuu Georges Clemenceau, viliundwa vikosi vya polisi vya kuzunguka mikoani, na mojawapo ya kazi zao ikawa kuwapiga picha watu wa misafara na kuwaandika katika majalada.

Tarehe 16 Julai 1912 ndipo ilipopitishwa sheria yenyewe. Sheria hiyo iliwagawa watembeao katika mafungu matatu. Mchuuzi mwenye nyumba yake alitakiwa kujiandikisha tu. Mfaransa asiye na nyumba, anayefuata minada na maonyesho, alipewa kijitabu cha utambulisho. Fungu la tatu ni lile lililoitwa la wahamaji, yaani wote waliosalia wasio na makazi maalumu, wawe raia au wageni, wawe na kazi au wasiwe nayo. Hao walipewa kijitabu cha vipimo vya mwili.

Vipimo hivyo vilitokana na utaalamu wa Alphonse Bertillon, ofisa wa polisi wa Paris, aliyekuwa ameubuni kwa ajili ya kuwatambua wahalifu wanaorudia makosa. Urefu wa mtu, upana wa kichwa, urefu wa kidole, rangi ya macho, alama za vidole, picha ya uso na picha ya ubavu: yote yaliandikwa kijitabuni. Kila mtu aliyetimiza umri wa miaka 13 alitakiwa kuwa na chake, na mkuu wa familia alibeba kingine chenye majina ya wote walio chini yake, pamoja na watoto wadogo. Gari nalo lilifungwa kibao maalumu cha namba. Kwa hiyo kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya mfungwa kikawekwa juu ya msichana wa miaka 13 ambaye hajawahi kufikishwa mbele ya hakimu yeyote.

Kazi ya kila siku ya sheria hiyo iliangukia mikononi mwa askari. Msafara ulipofika kijijini, mkuu wa familia alipaswa kwenda kwa kamishna wa polisi, au kituo cha Gendarmerie, yaani jeshi lifanyalo kazi ya polisi vijijini, au kwa meya kama hapana polisi, ili kijitabu kitiwe sahihi na muhuri. Alipotaka kuondoka, alirudi tena kwa muhuri mwingine. Aliyekosa kuonyesha kijitabu aliadhibiwa kama mzururaji. Na ikumbukwe kwamba wakati huo Mfaransa mwenye nyumba hakulazimishwa kuwa na kitambulisho chochote. Kitambulisho cha lazima kwa raia wote kiliamriwa Oktoba 1940, na utawala wa Vichy.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili halihitaji mkalimani. Neno kipande lingali linakumbukwa. Katika Kenya ya kikoloni, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 kubeba cheti chenye alama za vidole na habari za mwajiri wake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Nia zilitofautiana: mkoloni wa Kenya alitaka kibarua asitoroke shambani, na Serikali ya Paris ilitaka mhamaji asipotee machoni. Lakini mfano ulikuwa mmoja: cheti kilichotolewa kwa kundi moja tu la watu, na kikaguliwacho ili kuwazuia wasiende wapendako.

Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, vijana wa misafara waliokuwa raia waliitwa jeshini kama wenzao. Walikwenda, na wako waliofia mstari wa mbele. Waliorudi walikuta kijitabu cha vipimo kinawangoja. Mtu aliyeaminiwa bunduki na taifa lake hakuaminiwa kuvuka kijiji bila muhuri.

Madhara makubwa zaidi yalikuja katika vita vilivyofuata. Tarehe 6 Aprili 1940, kabla Ufaransa haijashindwa na Ujerumani, Serikali yake yenyewe ilipiga marufuku wahamaji kutembea, kwa hoja kwamba wangeweza kuona nyendo za majeshi na kuzipeleka kwa adui. Waliamriwa wakae mahali walipopangiwa, chini ya macho ya polisi. Oktoba mwaka huo Wajerumani waliokuwa wameiteka nchi wakaamuru wawekwe kambini. Hapakuwa na haja ya kuwatafuta sana, kwani majina yao, picha zao na mahali walipo vilikuwa tayari vimeandikwa. Watu zaidi ya 6,000, wengi wao raia wa Ufaransa na wengi wao watoto, walifungiwa katika makambi kama lile la Montreuil-Bellay, wakilindwa na askari Wafaransa. Paris ilikombolewa Agosti 1944, lakini wafungwa wa mwisho waliachiliwa mwaka 1946. Miaka 70 ilipita kabla Rais François Hollande hajafika Montreuil-Bellay, Oktoba 2016, na kukiri kwamba Ufaransa ilihusika na mateso hayo.

Sheria ya mwaka 1912 ilidumu hadi ile ya tarehe 3 Januari 1969. Sheria mpya iliondoa vipimo vya mwili, na ikawataja waziwazi watu waishio siku zote ndani ya gari, tela au kibanda kinachohamishika. Lakini vyeti vya safari vilibaki kwa kila aliyefikia umri wa miaka 16. Asiye na mapato ya kudumu alipewa cheti kikali kuliko vyote, ambacho kilitakiwa kupigwa muhuri na polisi kila miezi mitatu; na aliyekutwa barabarani bila kuwa nacho aliweza kufungwa tangu miezi mitatu hadi mwaka mmoja.

Kila mtu wa safari alitakiwa pia kuandikishwa chini ya mji au kijiji fulani, ili awe na mahali pa kulipia kodi, kufungia ndoa na kupigia kura. Hilo lilikuwa jambo la maana. Kasoro yake ni kwamba watu hao hawakuruhusiwa kuzidi asilimia 3 ya wakazi wa mahali hapo. Kijiji cha watu 1,000 kiliweza kupokea 30 tu. Wa 31 alitafuta kwingine. Tena, ili aingie katika daftari la wapiga kura, alingoja miaka mitatu mfululizo, ambapo raia mwingine alingoja miezi sita.

Mwenye haki hachoki kudai. Tarehe 5 Oktoba 2012 Baraza la Katiba la Ufaransa liliamua kwamba cheti cha miezi mitatu na kingojeo cha miaka mitatu vilipingana na Katiba. Baraza halikusema kwamba Dola haina haki ya kujua mahali alipo raia asiye na nyumba. Lilikubali kuwa mahakama, kodi na huduma za jamii zinahitaji kumpata. Lililokataliwa ni kumbana mtu kupita kiasi cha haja hiyo. Mwaka 2014 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitamka kwamba adhabu aliyopewa raia mmoja kwa kukosa muhuri ilivunja uhuru wake wa kwenda atakako. Hatimaye sheria ya tarehe 27 Januari 2017 ikafuta vyeti vyote vya safari, pamoja na kiwango cha asilimia 3.

Badala yake, mtu wa safari huchagua anwani katika kituo cha ustawi wa jamii cha mji ambao ana uhusiano nao. Barua zake hufika hapo, hati ya kuitwa mahakamani hufika hapo, na kwa anwani hiyo hupata kitambulisho cha taifa kama raia yeyote. Si kwamba matatizo yamekwisha. Sheria hiyo haikulitambua gari kuwa nyumba, na ugomvi juu ya viwanja vya kuegesha magari haukufutika. Ingawa tangu mwaka 2000 miji yenye wakazi zaidi ya 5,000 inalazimika kushiriki katika kuwatengea watu hao viwanja, wako mameya waliochelewa kutii.

Wako waliohofu kwamba vyeti vikifutwa polisi watafungwa mikono. Lakini leseni ya dereva ingalipo, namba ya gari ingalipo, kitambulisho cha taifa kingalipo, na anayeiba hushitakiwa kwa wizi wake. Kilichoondolewa ni dhana kwamba mtu ni mshukiwa kwa sababu ya nyumba alimozaliwa. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Sheria ya mwaka 1912 ilijengwa juu ya methali hiyo, ambayo huenda inafaa sokoni, lakini mahakamani haifai, na kizuizini vilevile haifai.

Popote palipo na wafugaji wahamao, wavuvi wafuatao samaki, au madereva walalao garini mwezi mzima, askari atakutana na raia ambaye jibu lake la "unakaa wapi" si jepesi. Kitambulisho anachokishika mkononi kimewekwa ili kimweleze huyo ni nani na kimthibitishie kwamba ni mwenzake katika taifa. Kikigeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mtu mahali pamoja, huacha kuwa kitambulisho na kuwa pingu. Na pingu, kwa sheria ya nchi yoyote iliyostaarabika, huvishwa mtu kwa kosa alilolitenda yeye mwenyewe.